Longonot na Mashimo Meusi: Redio Inaweza Kutuambia Nini Kuhusu Galaksi Vibete?

Tangu Aprili 2019, ilipochapishwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, ile pete ya rangi ya chungwa iliyotoka kitovuni mwa galaksi ya M87, maswali mawili tofauti yamekuwa yakichanganywa na kuwa moja. La kwanza ni la sayansi yenyewe: tunajuaje kwamba kitu kisichotoa mwanga kipo mahali fulani? La pili ni la kwetu hapa Bonde la Ufa: je, ile sahani kubwa ya mawasiliano ya Longonot, katika kaunti ya Nakuru, inaweza kufufuliwa iwe darubini ya kutazama vitu vya aina hiyo? Mpango wa kuigeuza umetajwa kwa miaka mingi, na kila unapotajwa huzuka matumaini makubwa kupita kiasi upande mmoja, na upande wa pili kejeli kwamba nchi yenye madeni haina haja ya kuchungulia mashimo ya angani.

Pande zote mbili hujadili jambo ambalo halijaelezwa vizuri. Sahani ya Longonot haitawahi kutoa picha kama ile ya 2019. Picha ile ilipatikana kwa mawimbi mafupi sana ya redio, ya milimita 1.3, yaliyopokewa na darubini za milimani na jangwani katika mabara kadhaa, na sahani iliyojengwa kwa ajili ya simu za kimataifa haikuundwa kwa mawimbi hayo. Kuna hata hivyo swali jingine kuhusu mashimo meusi, lisilo na picha za kupendeza ila lenye uzito zaidi kwa sayansi, ambalo hutumia mawimbi marefu zaidi na ambalo mahali Kenya ilipo panalifaa. Ni swali la galaksi vibete.

Kwa nini galaksi ndogo

Galaksi yetu ina shimo jeusi kitovuni lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Karibu kila galaksi kubwa iliyochunguzwa kwa makini imeonekana kuwa na lake, na mengine hufikia mabilioni ya Jua. Tatizo ni asili yake. Galaksi kubwa zimekua kwa kumeza nyingine, na mashimo yake yamekua kwa kuungana na kula gesi, kiasi kwamba dalili za utotoni zimefutika. Hakuna anayeweza kulitazama shimo la M87 leo akasema lilianza na uzito gani.

Galaksi kibete, yaani yenye nyota za jumla ya Jua bilioni 3 au pungufu, haijapitia misukosuko mingi hivyo. Ikiwa ina shimo jeusi, huenda shimo hilo halijaachana sana na uzito wake wa kuzaliwa. Ndiyo sababu wanaastronomia huzitafuta mbegu humo.

Nadharia kuu za mbegu hizo ni tatu. Ya kwanza husema nyota za mwanzo kabisa, zilizokuwa nzito mno, zilikufa zikaacha mashimo ya Jua 100 hivi. Ya pili husema mawingu makubwa ya gesi yaliporomoka moja kwa moja, bila kupita hatua ya nyota za kawaida, yakaacha mashimo ya Jua elfu kumi hadi laki moja. Ya tatu huweka chanzo katika vishada vilivyobanana vya nyota, ambamo nyota ziligongana na kuungana mfululizo. Mvutano kati yake si wa kitaaluma tu: kuna shimo la Jua bilioni 1.6, linalojulikana kwa namba J0313-1806, ambalo tayari lilikuwepo miaka milioni 670 tu baada ya ulimwengu kuanza. Kulifikisha hapo kwa mbegu ya Jua 100 kunahitaji shimo kula bila kupumzika.

Sasa hesabu ya galaksi vibete inaingia. Kama mbegu zilikuwa nyepesi, zilitokana na nyota, na nyota zilikuwa kila mahali. Tungetarajia vibete vingi viwe na shimo. Kama zilikuwa nzito, mazingira ya kuzizaa yalikuwa adimu, na vibete vingi vitakuwa havina kitu. Kwa maneno mengine, asilimia ya vibete vyenye mashimo meusi ni ushahidi kuhusu jambo lililotokea zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita. Ugumu wote uko katika kuipata asilimia hiyo.

Wanaotegemea mwanga, na wanaotegemea eksirei

Njia iliyozoeleka zaidi ni mwanga wa kawaida. Gesi inayozunguka shimo jeusi huangazwa na mionzi mikali, na rangi zake hutofautiana na zile za gesi iliyoangazwa na nyota changa. Mwaka 2013 Amy Reines, Jenny Greene na Marla Geha walipekua galaksi vibete zipatazo 25,000 wakapata 151 zenye dalili hizo. Hiyo ni takriban nusu asilimia. Mwaka 2025 kikundi kilichotumia chombo cha DESI, kilichoko Arizona, kilipekua karibu vibete 115,000 na kupata kama 2,500, yaani asilimia 2 na ushee. Ongezeko hilo halina maana kwamba mashimo yameongezeka. Chombo ni kikali zaidi, basi. Na hilo lenyewe ni onyo kwamba namba tulizo nazo hupima uwezo wetu wa kuona kuliko zinavyopima ulimwengu.

Udhaifu wa njia hii unajulikana. Galaksi vibete nyingi zinazaa nyota kwa kasi, na mwanga wa nyota changa hufunika ule wa shimo dogo. Tena gesi yao ina elementi nzito chache, na alama zilizobuniwa kwa galaksi kubwa hupotosha zikitumiwa humo. Vumbi nalo huziba.

Eksirei hupenya vumbi, na gesi inayoporomoka shimoni huzitoa kwa wingi. Lakini nyota za neutroni na mashimo madogo yanayonyonya nyota jirani hutoa eksirei pia, na katika galaksi inayozaa nyota kwa wingi vitu hivyo vimejaa.

Njia ya mwendo wa nyota ndiyo ya kuaminika kuliko zote, kwa kuwa hupima uvutano wenyewe. Mwaka 2024 nyota saba ziendazo kasi katikati ya kishada cha Omega Centauri zilionyesha kuwapo kwa shimo la angalau Jua 8,200. Wengi huamini kishada hicho ni kiini cha galaksi kibete iliyoraruliwa na yetu, na anayeishi Nakuru anaweza kukiona kwa macho katika anga ya kusini kama nyota yenye ukungu. Ubaya wake ni kwamba njia hii hufanya kazi jirani tu. Mamilioni ya miaka ya nuru huko nje, nyota mojamoja hazionekani.

Redio: kinachoonwa na kisichoonwa

Shimo jeusi linalokula gesi polepole huwa na tabia ya kurusha michirizi ya chembe ziendazo karibu na kasi ya mwanga. Chembe hizo zikizunguka katika uga wa sumaku hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayajali vumbi, hayajali mwanga wa nyota, hayajali usiku wala mchana. Zaidi ya yote, huweza kupimwa kwa ukali ambao hakuna njia nyingine inayoufikia, kwa sababu darubini mbili zilizotengana kilomita elfu kadhaa zinaweza kuunganishwa zikafanya kazi kama moja yenye upana huo.

Ukali huo ndio moyo wa jambo lote. Mtu akisimama usiku kwenye ukingo wa kreta ya Menengai akatazama mji wa Nakuru bila miwani yake, mtaa mzima wa taa na kurunzi moja kali ya mlinzi vinaweza kumfikia kama doa lilelile la mwanga. Akivaa miwani, mtaa hutawanyika kuwa taa mia, kurunzi hubaki nukta. Redio ya umbali mrefu ni miwani hiyo. Masalia ya supanova, yaani ya nyota zilizolipuka, na mawingu ya gesi moto yana upana. Kadiri darubini zinavyotenganishwa ndivyo ishara yake inavyotawanyika na kufifia. Kiini cha shimo jeusi hubaki nukta.

Mpaka hapo hoja inapendeza. Lakini redio ina mapungufu mawili yanayovuta pande tofauti, na wapenzi wake hawayasemi kwa sauti sawa na sifa zake.

La kwanza ni mashimo yaliyonyamaza. Si kila shimo hurusha michirizi. Omega Centauri imesikilizwa kwa muda mrefu na darubini za redio za Australia, na pale ambapo nyota zinasema pana shimo, hakujasikika chochote. Redio peke yake ingesema kishada hicho ni kitupu.

La pili ni nukta za uongo. Mwaka 2017 darubini zilipata mahali pa mlipuko wa redio uitwao FRB 121102, ambao hujirudia. Ulikuwa ndani ya galaksi kibete, umbali wa miaka ya nuru ipatayo bilioni 3, na kando yake kulikuwa na chanzo cha redio kisichozimika, ambacho mtandao wa darubini wa Ulaya ulionyesha kuwa na upana usiozidi miaka 3 ya nuru hivi. Galaksi kibete, chanzo cha kudumu, nukta ndogo: vigezo vyote vya shimo jeusi vimetimia. Hata hivyo maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kuna nyota ya neutroni yenye sumaku kali iliyozungukwa na wingu changa. Udogo wa chanzo, kwa hiyo, ni sharti la lazima ambalo halitoshi.

Henize 2-10, au ubishi wa miaka kumi na moja

Hakuna kesi inayoonyesha mvutano huu vizuri kuliko ile ya Henize 2-10, galaksi kibete iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 30, inayozaa nyota kwa fujo. Januari 2011 Reines, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba kitovuni mwake mna chanzo kidogo cha redio kinacholingana na chanzo cha eksirei, mahali ambapo hapana kishada cha nyota. Walikadiria shimo la Jua milioni moja. Tangazo lilishtua, kwa kuwa galaksi hiyo haina uvimbe wa nyota wa katikati ambao wakati huo ulidhaniwa kuwa wa lazima.

Mwaka uliofuata darubini za Australia zilizounganishwa zilikiona chanzo hicho na kukibana kwenye eneo la miaka ya nuru kama 10 kwa 3. Waliounga mkono walisema mambo yameisha. Hayakuisha, na ni vizuri kuona kwa nini. Masalia ya supanova changa yanaweza kuwa na upana huo huo. Mwaka 2017 uchunguzi wa gesi kutoka Chile haukuona alama za shimo, na mwaka 2019 uchambuzi mpya wa eksirei ulisema zinafanana zaidi na gesi moto ya supanova. Wakosoaji hawakuwa wakaidi. Kipimo kiliwaachia nafasi.

Mwaka 2022 Zachary Schutte na Reines walirudi na darubini ya Hubble. Walionyesha utepe wa gesi wenye urefu wa miaka ya nuru 500 hivi, ukitoka mahali pa chanzo cha redio na kugonga eneo linalozaa nyota, huku mwendo wake ukiyumba kwa mpangilio kama wa mchirizi unaozunguka polepole. Supanova moja haifanyi hivyo kirahisi. Kwa maoni yangu mizani imeelemea upande wa shimo jeusi, ila iliwekwa hapo na mwanga. Redio ilisema mahali na ukubwa, mwanga ukasema tabia.

Hilo si jipya, na Kenya ilikuwepo mara ya kwanza. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hupepesa kwa kasi ya sehemu ndogo za sekunde, kwa hiyo ni kidogo mno. Lakini Uhuru haikuweza kuelekeza kidole kwa usahihi. Ni darubini za redio za Uholanzi na Marekani, mwaka 1971, zilizopata chanzo hafifu kilichobadilika pamoja na eksirei, zikatoa mahali kamili, na nyota jirani yake ikajulikana. Cygnus X-1 ikawa mgombea wa kwanza mwenye nguvu wa kuitwa shimo jeusi. Mgawanyo wa kazi ulikuwa uleule: eksirei zilisema tabia, redio ikasema mahali.

Kumi na tatu zikawa nne

Kesi moja haitoi asilimia. Mwaka 2020 Reines na wenzake walichapisha jaribio la kwanza kubwa. Walianza na orodha ya vibete zaidi ya 43,000, wakalinganisha na ramani ya zamani ya redio, wakabaki na 111, wakavitazama kwa darubini ya VLA ya New Mexico. Walisema kumi na vitatu kati yake karibu hakika vina mashimo meusi. Cha kushangaza, baadhi ya vyanzo havikuwa kitovuni bali pembeni kabisa.

Hilo la pembeni lina maelezo. Galaksi kibete ina uvutano dhaifu, na miigo ya kompyuta ilikuwa imeshaonyesha kwamba zikigongana, shimo linaweza kusukumwa likatangatanga; huenda nusu ya mashimo ya vibete hayako katikati. Lina pia maelezo ya pili, mabaya zaidi: chanzo kilicho pembeni kinaweza kuwa galaksi nyingine ya mbali sana iliyojipanga nyuma yake.

Kikundi kilichoongozwa na Andrew Sargent kilivivalia miwani vyote kumi na vitatu kwa kutumia VLBA, mtandao wa darubini kumi za Marekani unaoenea kutoka Hawaii hadi visiwa vya Virgin. Matokeo ya 2022: vinne tu vilibaki nukta. Na vinne hivyo ndivyo vilivyokuwa mbali zaidi na vitovu vya galaksi zake, yaani vinavyotiliwa shaka zaidi kuwa vya nyuma. Vile tisa vilivyotawanyika au kufifia vinaweza kuwa mashimo yenye michirizi mipana, au visiwe mashimo hata kidogo.

Nimekaa hapa kwa sababu ndipo penye fundisho la sera. Anayesoma vichwa vya habari vya 2020 anadhani mashimo kumi na matatu yamepatikana. Anayesoma vya 2022 anadhani redio imeshindwa. Kilichotokea ni kwamba uchujaji wa hatua ya pili uliwezekana, na uliwezekana kwa sababu darubini zilikuwa mbalimbali. Bila hatua hiyo orodha ya kwanza ingeingia vitabuni.

Longonot inaingia wapi

Kituo cha Longonot, chini ya mlima wenye jina hilo katika kaunti ndogo ya Naivasha, kilifunguliwa mwaka 1970 kuunganisha Afrika Mashariki na setilaiti za mawasiliano. Kwa karibu miongo minne simu na matangazo ya kimataifa yalipitia hapo. Kisha nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa mwaka 2009, na sahani yenye kipenyo cha mita 32 hivi ikakosa kazi iliyojengewa. Sahani za namna hiyo zilibaki Ghana, Zambia, Madagascar na kwingineko kwa sababu ileile.

Afrika Kusini, ikijiandaa kwa mradi wa SKA wa darubini kubwa ya redio, ndiyo iliyopendekeza zigeuzwe darubini. Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa Kiafrika wa mradi huo, na mtandao uliokusudiwa huitwa AVN. Ghana ilitangulia: sahani yake ya Kuntunse, nje ya Accra, ilizinduliwa kama darubini Agosti 2017 baada ya kupokea ishara za methanoli kutoka mawingu yanayozaa nyota, ishara za pulsa, na kufaulu jaribio la kuunganishwa na darubini nyingine. Longonot bado haijafika hapo, ingawa vijana wa Kenya wamefunzwa astronomia ya redio kupitia mradi wa DARA, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya.

Je, sahani hiyo ingeweza kutafuta mashimo meusi ya vibete? Peke yake, hapana. Katika mawimbi ya sentimita 6 sahani ya mita 32 huona doa la angani lenye upana wa karibu sehemu ya tano ya mwezi mpevu. Galaksi kibete nzima hupotea ndani ya doa hilo pamoja na majirani zake.

Ikiunganishwa, mambo hubadilika, na hapa hoja ya watetezi ni nzuri kuliko wanavyoieleza. Kati ya darubini ya Effelsberg nchini Ujerumani na ile ya Hartebeesthoek karibu na Johannesburg kuna kilomita kama 8,000 za moja kwa moja, na katikati yake karibu hapana kitu. Mtandao wenye umbali mrefu sana na mfupi sana, bila wa kati, huweza kusema kama nukta ipo ila hushindwa kusema kilichotawanyika kilikuwa na umbo gani, na tumeona kwamba hilo hasa ndilo lililovikwamisha vile vyanzo tisa. Longonot iko kilomita pungufu ya 3,000 kutoka Hartebeesthoek na 6,100 hivi kutoka Effelsberg. Inaziba pengo.

Latitudo nayo ni mtaji. Kituo kiko digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo huona karibu anga yote, kaskazini na kusini. Henize 2-10 hupanda Ujerumani digrii 13 tu juu ya upeo. Longonot hupanda zaidi ya 60. Kwa umbali wa kilomita 6,000 na mawimbi ya sentimita 6, mtandao ungeweza kutofautisha katika galaksi hiyo vitu vyenye upana wa chini ya mwaka mmoja wa nuru, na nafasi iliyobaki ya kudai kwamba ni supanova ingebanwa sana. Vipimo vikirudiwa mwaka hadi mwaka, masalia ya supanova yangeonekana yakipanuka na kufifia. Kiini cha shimo kingepepesa bila kupanuka.

Na udogo wa sahani? Nguvu ya jozi ya darubini hutegemea zote mbili kwa pamoja. Sahani ya mita 32 ikioanishwa na ile ya mita 100 ya Effelsberg, hufanya kazi kama jozi ya mita 57 kila moja. Ikioanishwa na MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye sahani 64 za mita 13.5 zikiunganishwa, huwa bora zaidi. Mdogo hubebwa na mkubwa.

Hoja za wanaopinga

Zipo tatu, na moja tu ndiyo dhaifu. Dhaifu ni ile ya kwamba astronomia ni anasa. Ujuzi wa vipokezi, saa za atomiki, kompyuta za data nyingi na uendeshaji wa mitambo mizito ni ujuzi wa mawasiliano, na nchi inayojenga uchumi wa teknolojia inauhitaji kwa vyovyote.

Ya pili ni ya kiufundi. Sahani iliyoishi ikielekea setilaiti moja haina uzoefu wa kufuata nyota. Mota, beringi, mfumo wa kuelekeza na uso wenyewe huhitaji kukaguliwa na pengine kubadilishwa. Afrika Kusini yenyewe, yenye wahandisi wengi, ilipoteza huduma ya sahani yake ya mita 26 kwa miaka miwili hivi baada ya beringi kuharibika mwaka 2008. Gharama ya kuzindua ni ndogo mbele ya gharama ya kuendesha miaka ishirini, na ni hii ya pili ambayo bajeti zetu huisahau.

Ya tatu ndiyo nzito: kelele. Redio zinazotoka galaksi vibete ni hafifu kiasi kwamba simu ya mkononi jirani ni radi. Longonot inakingwa kwa kiasi na kuta za Bonde la Ufa dhidi ya Nairobi, lakini sakafu ya bonde si ile ya 1970. Naivasha imekua, mashamba ya maua yamejaa, mitambo ya mvuke ya Olkaria iko ng'ambo, reli ya kisasa ilifika mwaka 2019, na kutoka juu setilaiti za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya Julai 2023, hutuma chini mawimbi ya kuanzia gigahezi 10.7, yaani karibu kabisa na masafa ambayo VLA ilitumia kuchunguza vile vibete 111. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda anga ya Karoo, eneo lenye watu wachache. Kufanya vivyo hivyo kati ya Mai Mahiu na Naivasha kungegusa riziki za watu wengi, na mwenye shamba huko Kijabe anayetegemea intaneti ya setilaiti ana hoja kama aliyonayo mwanaastronomia.

Kuna nafuu moja. Kelele ya Naivasha haisikiki Ujerumani, na kompyuta inayolinganisha rekodi za vituo viwili hutupa kisichofanana. Darubini iliyo kwenye mtandao mpana huvumilia mazingira ambayo darubini ya peke yake isingeyavumilia. Kelele hupunguza ukali wa masikio, haizalishi mashimo ya uongo.

Uzito wa kila upande

Kuhusu sayansi, msimamo unaostahili ni wa katikati usiopendeza vichwa vya habari. Redio haihesabu mashimo meusi ya galaksi vibete: huwakosa walionyamaza na huwakaribisha wasiostahili. Thamani yake ni ya mchujaji. Mwanga na eksirei huleta majina kwa maelfu, redio ya umbali mrefu huyapunguza, na hupima mahali kwa usahihi unaoamua kama chanzo ni cha galaksi husika au cha nyuma. Asilimia ya kweli itatoka kwenye muungano wa njia zote, na labda baada ya 2035, setilaiti za LISA zitakapoanza kusikiliza mawimbi ya uvutano ya mashimo ya uzito huo yakiungana.

Kuhusu Longonot, kosa kubwa la watetezi limekuwa kuiuza kwa ahadi ya mashimo meusi. Miaka ya kwanza ya darubini hiyo ingekuwa ya methanoli, pulsa na vipimo vya mwendo wa bara, kazi ambayo, katika bonde linalopanuka, ina faida ya moja kwa moja kwa wanajiolojia. Galaksi vibete zingekuja baadaye, hasa SKA ya Karoo itakapokamilika na sahani zake 197, ile MeerKAT ikiwemo. Hapo jozi ya Karoo na Longonot ingekuwa na upande mmoja wenye nguvu kubwa na upande wa pili wenye nafasi nzuri.

Linalohitajika kabla ya kununua kipokezi hata kimoja ni mambo mawili ya bei nafuu: kipimo cha kelele cha mwaka mzima kwenye eneo la kituo, kifanywe na Mamlaka ya Mawasiliano na matokeo yatolewe kwa umma, na ahadi ya bajeti ya uendeshaji iliyotenganishwa na ile ya uzinduzi. Kipimo kikionyesha kwamba gigahezi 5 hadi 7 bado ni tulivu, sioni sababu ya kuiacha sahani ishike kutu. Kikionyesha vinginevyo, fedha ziende kwa wanafunzi, pamoja na wale wa fizikia wa Egerton pale Njoro, wakachambue data za MeerKAT, ambazo nyingi tayari zimewekwa wazi.